Spika ya Wiki Moja

Kwa miaka mingi, habari za saa saba mchana katika mtaa wetu wa Nyakabanda zilipitia kwangu. Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kinatazama barabara na meza yangu ya kukatia ni ndefu, kwa hiyo watu wakitoka kula huja kuegemea hapo. Redio ilisema kwa Kinyarwanda, stesheni nyingine kwa Kifaransa, nyingine kwa Kiswahili. Mimi niliyekulia Buyenzi, kule Bujumbura, penye lugha nyingi, nilizichambua zote na kuwapa watu kilicho muhimu, mguu ukiwa bado kwenye pedali. Sijawahi kuwa kiongozi wa kitu chochote maishani, lakini saa saba nilikuwa mtu.

Kisha masikio yakaanza kunisaliti. Leo naandika masikio. Wakati ule nilisema ni watangazaji. Watangazaji wa siku hizi, nilimwambia kila aliyetaka kusikia na asiyetaka, wanatafuna maneno. Mke wangu alinisihi niende kupimwa, nikamjibu akapimwe yeye. Niliongeza sauti ya redio mpaka ikawa inakwaruza. Nilichosikia ulikuwa mngurumo wa mtu anayeongea. Zile herufi nyembamba zinazotenganisha neno na neno zilikuwa zimekwenda zao.

Ningesema sikusikia, mambo yangeishia hapo. Sikusema. Nilianza kujazia mwenyewe, na fundi hashindwi kuunga kipande. Siku moja nikatangaza kwamba timu ya wageni imefungwa, nikaeleza hata bao lilivyoingia. Kinyozi wa mlango wa pili alikuwa ameitazama mechi nzima, na wageni walikuwa wameshinda. Hakunibishia. Hakuna aliyenibishia. Walisema "Eee, muzehe," wakatazama chini.

Kesho yake niliwaona kwa macho yangu. Walisikiliza habari zangu hadi mwisho, wakashukuru, kisha mmoja mmoja wakahamia kwa kinyozi kuuliza redio imesema nini. Wangenicheka ningewatukana, tungemalizana. Heshima ile iliniuma kuliko kicheko. Niliona aibu, nami nikaanza kufunga kibanda kabla ya saa saba nikisingizia njaa.

Binti yetu, anayefanya kazi ya ofisi mtaa wa Muhima, ndiye aliyekuja na spika. Ilikuwa nene na fupi kama chupa ya chai, imevikwa kitambaa cha kijivu kilichofumwa vizuri sana. Hilo nililikubali mara moja.

"Papa, hii haiko spika ya hivi hivi," alisema. "Iko na akili. Unaiongelesha, inakujibu. Redio zote ziko ndani. Ijaribu wiki moja. Haitakupendeza, nairudisha ku duka."

"Nina redio," nikamwambia.

"Wanasema sikio halilali na njaa," mke wangu akadakia kutoka jikoni. "Ya kwako inafunga Kwaresima mwaka wa pili sasa."

Basi ikaingia nyumbani, na ikapewa heshima inayopewa kila kitu cha thamani katika nyumba yetu. Mke wangu aliiweka ndani ya kabati la vioo, kati ya glasi za harusi, juu ya kitambaa alichofuma mwenyewe, na kingine akaifunika kichwani. Binti akaamuru muziki. Glasi zikatetemeka. "Unasikia mdundo?" akauliza, uso unang'aa. Niliusikia, hadi kwenye mbavu. Saa saba ilipofika tukaweka habari, na msomaji akaongea kama mtu aliyejifunika blanketi. Sikuambulia hata sentensi moja. Mke wangu na binti walikuwa wanatikisa vichwa kwa huzuni kuhusu jambo fulani, nami nikatikisa changu.

Jioni ile nilisema irudishwe. Nilisema kwa hasira, maana nilikuwa nimeanza kutumaini na sikupenda kukamatwa nikitumaini. Nikawaambia ni kelele ya vijana, imetengenezwa kwa ajili ya kucheza ngoma.

Mke wangu aliendelea kuchambua mchele. "Koti ya mutu ukimaliza kushona, unamupa siku ile ile?" akauliza. "Si unamuita kujaribisha? Unabana huku, unalegeza huku. Hii hata mara moja haujaijaribisha, unasema haikutoshi."

Nilikasirika zaidi, kwa sababu alikuwa amesema kweli, tena kwa kutumia kazi yangu.

Asubuhi niliichomoa kabatini, nikaipeleka kibandani. Nikafungua ukurasa mpya katika daftari la vipimo, nikaandika juu yake: Spika. Kwanza nikaiweka kwenye meza ya cherehani. Ikatetemeka pamoja na mashine, haifai. Nikaiweka pembeni ukutani. Sauti ikawa nzito tena. Nikaiondoa ukutani, nikaipandisha kwenye rafu iliyo sawa na masikio yangu nikiwa nimekaa, mkono mmoja na nusu kutoka kichwani, upande wa kulia, kwa maana wakati huo nilikuwa tayari kukiri kwamba la kushoto limechoka zaidi. Kila mahali niliandika nilichosikia na nisichosikia. Koti halisemi uongo mabegani, na siku ile nami sikutaka kusema uongo.

Binti alipopita mchana nikamwomba apunguze mdundo. Akashangaa, kwa sababu dukani walikuwa wameusifia mdundo peke yake. Akatafuta kwenye simu yake, akapunguza.

"Tena."

"Papa, itabaki sauti ya mbu."

"Nataka mbu. Punguza. Sasa ongeza zile za juu."

Akaongeza. Stesheni ilikuwa ya Kiswahili, na mwanamke mmoja alikuwa anaeleza jinsi ya kuhifadhi maharage yasitobolewe na wadudu. Nikamsikia. Sikusikia mngurumo, nilimsikia yeye, na kila "s" yake ilikuwa mahali pake. Alisema "gunia safi, kavu, lisilo na matundu," nami nikarudia kwa sauti: gunia safi, kavu, lisilo na matundu. Nilitoa machozi, na sikusingizia vumbi la chaki.

Siku zilizobaki niliipima kama ninavyompima bwana harusi. Ina kasoro zake, na niliziandika. Haijui Kinyarwanda, haijui Kiswahili. Kuiamuru nilitumia Kifaransa nilichofundishwa na mabruda wa Kikatoliki shuleni, ikanielewa vizuri kuliko inavyomwelewa binti yangu na Kiingereza chake cha ofisini, na jambo hilo nimelitaja mara nyingi mezani. Mtandao ukikatika inakuwa bubu. Na iko nyuma: redio ya kinyozi inaposema jambo, yangu hulisema baada ya muda wa kutunga uzi kwenye sindano, wakati mwingine sindano mbili. Kwa kusikiliza kila siku, hata hivyo, mtu akiwa na kazi mkononi, inatosha. Sauti yake ndogo inapita juu ya cherehani bila kupiga kelele.

Nyumbani tulifanya mtihani wetu. Mke wangu alisikiliza habari jikoni kwa simu, mimi kibandani kwa spika, mlango umefungwa, kisha tukasimuliana wakati wa chakula. Siku ya kwanza alinishinda. Ya pili tulitoka sare. Ya tatu nilimtajia habari ambayo hakuwa nayo kabisa, akasema haikusomwa. Alipokumbuka kwamba maharage yalikuwa yamefurika jikoni habari zikisomwa, akaniongezea nyama.

Bado hapakuwa na ushindi. Kumshinda mke wako kwenye chakula si sawa na kuaminiwa barabarani. Siku ya sita niliacha kibanda wazi saa saba.

Walikuja watatu, wanne, kwa adabu ile ile. Habari zilikuwa katikati kinyozi alipotoka mlangoni, mashine ya kunyolea bado inanguruma mkononi. "Maji inakatika Nyakabanda! Leo, saa nane! Wanatengeneza bomba!"

Alikuwa mbele yangu kwa ile sindano moja. Watu wakashtuka, mwanamke mmoja akaanza kumpigia kelele mwanawe atoe madumu. Mimi peke yangu nilikuwa bado nasikiliza. Tangazo likaanza upande wangu, orodha ya mitaa na siku na saa, inayosomwa mbio kama wanavyosoma wakitaka kumaliza. Kitu kama hicho, mwaka mzima uliopita, ningekijazia. Niliacha kukanyaga pedali, nikainamisha sikio la kulia.

"Hapana," nikasema ilipoisha. "Leo ni Muhima, maji inarudi saa nane. Sisi ni kesho, toka saa mbili ya asubuhi mpaka saa kumi. Masaka iko Jumamosi."

Ikarudi ile adabu ya "Eee, muzehe". Macho yalikwenda kwa kinyozi, yakarudi kwangu, yakatazama chini.

"Muzehe," kinyozi akasema taratibu, kwa huruma, "mimi nimesikia Nyakabanda."

"Umesikia Nyakabanda na mashine iko sikioni. Umesikia jina, siku haujasikia. Piga simu Muhima."

Nilisema kwa ukali, kwa sababu nikikosea hapa hakuna atakayerudi tena mezani kwangu. Yule mwanamke wa madumu alikuwa na dada Muhima. Akapiga, akaweka sauti wazi ili sote tusikie. "Bomba?" dada akajibu. "Weee, limekauka toka saa sita na nusu! Ndio sasa nasikia redio inasema."

Mtu mmoja akapiga meza yangu kwa kiganja. Kinyozi akaitazama mashine yake kana kwamba ndiyo iliyomdanganya, akaizima. Saa nane ilipofika, mtu alikwenda kufungua bomba la uani, na maji yakatoka kama kawaida. Wakacheka, nami nikacheka zaidi yao. Nilisimama, jambo ambalo silifanyi nikiwa na suruali ya mtu mashineni, nikawasimulia habari nzima toka mwanzo, na kinyozi akaja kusikiliza pamoja na mteja wake, shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu ina nywele. Nilijiona mkubwa. Sioni sababu ya kulificha hilo. Siku ile nilimpigia binti yangu simu, nikamwambia dukani hakirudi kitu.

Nilipomaliza, mwanamke mwingine, mwenye kishamba Masaka, aliyekuwa ameleta sketi ya kubana kiuno, akauliza: "Na mbegu za mahindi, muzehe? Walisema zitatolewa lini?"

Habari hiyo iliposomwa nilikuwa nabishana na kinyozi. Jibu lilikuja lenyewe mdomoni, tarehe nzuri kabisa, yenye kuaminika, nikaiona imekaa tayari. Watu wote walikuwa wananitazama.

"Hiyo sikusikia, mama," nikasema. "Rudi jioni, nitasikiliza."

Akaitikia kwa kichwa, akaacha sketi mezani, akaenda zake. Jioni alirudi.