Chumvi ya Wifi Sharifa

Wifi yangu Sharifa alikuwa akila chumvi kavu, na hakujificha. Anaimwaga kiganjani, anachovya plamu bichi, anakula huku anaongea na wewe, mwisho anakilamba kiganja. Munyu, ndivyo tunavyoita chumvi kwetu. Nilipoolewa na kaka yake, neno la kwanza aliloniambia ni kwamba mboga yangu imepooza kama maji ya kunawia. Nikamwambia ajipikie. Tangu siku hiyo tukapendana.

Alilima karoti na kabichi kwenye mteremko juu ya Mlola. Siku ya gulio anashuka na mzigo kichwani. Uzee ukamkuta, na bado akashuka. Binti yake alipoolewa mara ya pili huko Korogwe alimwachia mjukuu, Husna. Sharifa alimlea mtoto yule kwa swala, kwa fimbo na kwa maringo. Husna akiwa wa kwanza darasani, gulio zima litajua.

Basi wakaja watu wa kupima chumvi wanayokula watoto wa shule. Nesi Glory wa zahanati akatuita wazazi, akaeleza kuwa chumvi mtu anayokula hutoka kwenye mkojo, na chumvi nyingi huleta presha hata utotoni. Kila mtoto atapewa dumu jeupe. Akojoe humo mchana na usiku mpaka asubuhi, lisipotee tone.

Sharifa akasimama mbele ya watu wote. "Wa kwangu hatapoteza tone. Sijui wa wenzangu."

Lakini lile dumu alikataa lisiingie ndani. Mkojo ni najisi, na yeye anasali mle chumbani. Akaliweka nyuma, kwenye migomba. Alfajiri wakakuta mbuzi amelipiga kikumbo, mfuniko kule, dumu limelala. Husna akalia. Atakuwa peke yake wa kurudi na dumu tupu, na bibi yake keshajisifu.

"Nyamaza," Sharifa akamwambia. "Nenda kanawe."

Mtoto aliporudi akakuta dumu lina mkojo. Akalibeba shuleni.

Baadaye Nesi Glory akapanda mpaka kwa Sharifa. Mie nilikuwepo, tunachambua mnavu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Bibi, huyu Husna chumvi yake imewapita watoto wote. Hata mtu mzima haimfai chumvi kiasi hiki. Nimempima presha, iko sawa, lakini tusingoje aumwe. Punguza chumvi kwenye chakula chake."

Sharifa akasema sawa.

"Na wewe bibi nipe mkono nikupime, maana mnakula chungu kimoja."

"Mie siumwi. Mgonjwa si umesema ni mtoto?"

Akarudisha mkono wake ndani ya kanga.

Toka hapo Husna akawa anapakuliwa bada, ule ugali wa muhogo, na maharage yasiyo na chumvi hata ya kuonja. Mtoto anasukuma sahani, bibi yake anamwambia, "Kula, nesi kasema." Yeye mwenyewe amekaa pembeni, na chumvi yake kiganjani.

Siku moja tunang'oa karoti akaanza kucheka peke yake. Nikamuuliza ana nini, akanisimulia habari ya mbuzi na ya dumu. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Halafu kicheko kikaniisha.

"Wifi, kwa hiyo ile chumvi ni yako."

"Ya nani tena?"

"Basi mwenye kuumwa ni wewe. Kamwambie Glory akupime."

"Nimwambie nini? Kwamba mwanamke mwenye mvi nimechuchumaa juu ya dumu la shule?"

"Na huyu mtoto unayemlisha majani kama sungura?"

"Nitamrudishia chumvi yake polepole."

"Usipokwenda, nitasema mie."

Akaacha kung'oa. "Ukisema, usikanyage kwangu."

Wallahi angeniomba ningemwelewa. Ila mie sitishwi. Nikamwambia sawa, sikanyagi. Nikachukua kapu langu nikaondoka, na kwa Glory sikwenda, nisije nikaonekana nambembeleza Sharifa. Tukawa tunapishana njiani kama hatujuani. Gulioni ananipa mgongo, nami nampa wangu. Kila nikimwona naona uso umemvimba, najiambia anisemeshe yeye kwanza. Naye, namjua, alikuwa akisema hivyo hivyo.

Husna ndiye aliyekuja kwangu mbio. Sharifa ameanguka kwenye kabichi. Tulipomwinua mdomo ulikuwa umekwenda upande, na mkono wa kulia, ule wa chumvi, unaning'inia. Glory alipompima akatikisa kichwa. Hapo ndipo nilipomwambia habari ya dumu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Bibi, vidonge vilikuwepo."

Hajafa. Anakaa kibarazani kwake, nami nakanyaga kwake kila siku, hana jinsi ya kunifukuza. Kiswahili kimemtoka chote, na Kishambaa kimembakia neno moja. Husna anamlisha maharage yaliyochemshwa hivi hivi. Jana akayatema, akamtazama mtoto.

"Munyu," akasema.

"Kula bibi," Husna akamwambia, "nesi kasema."

Akanigeukia mie. "Munyu."

Nilimfuta kidevu, nikashika kijiko mwenyewe.