Damu ya Karema Iliyokuja na Barafu

Mimi ni binti wa mfugaji wa Majimoto, na kazi yangu ni kuhesabu chembe za damu kwa mashine, hapa hospitalini Mpanda. Nasema hivyo nikijidai, na anayechukia achukie. Nilikuwa nimebakiza mtihani mmoja tu nipate cheti cha ubingwa wa kazi hiyo: kupima sampuli mbele ya mtahini kutoka Dar. Nilishafeli mara moja. Nikifeli tena, basi.

Siku ya mtihani, sampuli ilitoka Karema, kule Ziwa Tanganyika, kwa bodaboda. Dereva akaingia maabara anacheka, vumbi mpaka kwenye kope.

"Dada, safari hii nimekutunzia! Nimeizika kwenye barafu kama samaki wa migebuka. Haijaoza hata kidogo!"

Yalaa! Kule ziwani kitu cha thamani hakisafiri bila barafu, nani angemlaumu? Lakini damu ya kuhesabu chembe haitaki baridi. Inataka joto la kawaida la chumbani. Nikashika kichupa, kikaniuma vidole kwa ubaridi.

Mashine ingetoa namba tu, tena za kupendeza. Mtahini alikuwa amesimama pembeni, ananitazama. Nikakiwaza cheti. Nikamuwaza na mgonjwa wa Karema, ambaye daktari angemtibu kwa namba zile.

"Sipimi," nikasema. "Chembe zimeharibika."

"Unayo nyingine?" mtahini akauliza.

"Sina. Mpaka wamtoe mgonjwa damu tena, ije kesho."

"Mimi kesho naondoka."

"Basi safari njema, mama."

Jamani, mdomo huu! Akaandika kwenye karatasi yake. Nikapiga simu Karema wamtoe mgonjwa damu upya, halafu nikaenda nyuma ya maabara nikalia kwa hasira.

Kesho yake dereva akaleta kisanduku kikavu, bila barafu. Nikageuka, mtahini huyo hapo mlangoni, hajaondoka.

"Aliyejua kukataa damu mbovu nimemsubiri. Haya binti, pima tuone."

Nikapima. Nikafaulu!

Cheti kilipotoka nikakipeleka Majimoto. Baba akauliza hiyo mashine inafanyaje.

"Inapitisha chembe mojamoja kwenye mwanga, baba, kama ng'ombe wanavyopita joshoni. Inazitofautisha kwa rangi."

Nikamsimulia na ya barafu. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akawapigia majirani kelele.

"Nyie, njooni mumsikie mwanangu! Mkubwa katoka Dar anataka apitishiwe ng'ombe waliokufa, huyu kamkatalia!"

Mtahini hakuniambia nipime damu iliyoharibika hata kidogo. Lakini baba alikuwa amekishika cheti juu kwa mikono miwili, nikamwacha aseme.