Mbele ya Nyumba ni Wapi?

Sisi tuliokulia Tabora nyumba zilipokuwa hazijui geti, uwanja wa jirani ulikuwa wetu pia. Tukitoka shule, miguu myekundu kwa vumbi, tulikimbilia nyuma ya nyumba yetu, kwenye uchanja alioujenga marehemu baba kwa miti ya mninga. Hapo mama alianika matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa juani. Tuliviiba vingali laini, vinavutana na meno, na mama akafoka kutoka jikoni: "Nyie nzige, masika mtakula nini?" Wanangu leo ukiwapa matobolwa wanauliza tomato sosi iko wapi.

Miaka ikapita. Barabara ya lami ikachongwa upande uleule wa uchanja, na wakaja majirani wa kuta ndefu, mageti yao yakiitazama lami. Mwaka huu kamati ya mtaa ikapitisha sheria: marufuku kuanika chochote mbele ya nyumba. Mama akaletewa onyo la kwanza, la pili, kisha tukasikia la tatu analileta mwenyekiti mwenyewe, na watu wa kubomoa uchanja. Siku hiyo mama hakugusa chakula.

"Wakiung'oa," aliniambia, "watakuwa wamemzika baba yako mara ya pili."

Lakini sheria ni sheria, na mimi ni muoga wa sheria tangu utotoni.

Mwenyekiti alifika asubuhi. Ni mwenzetu, tulicheza naye mpira wa chandimu utotoni. Aliwaacha watu wake na mashoka kwenye lami, akaizunguka nyumba kwa mazoea yake ya zamani hadi mlango unaotazama njia ya zamani, ile waliyopita wapagazi wa misafara.

"Hodi wenyewe! Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umebisha wapi hapo?"

"Si hapa mbele ya nyumba, mama?"

"Haya. Sasa nisomee hiyo sheria yako."

Akafungua karatasi, akafika kwenye neno "mbele", akautazama mlango aliobisha. Kisha akacheka hadi akashika kiuno. Kumbe uchanja uko uani! Akawarudisha watu wake, nami nikashusha pumzi niliyoibana wiki nzima. Mama aliomba uji.

Zamani mbele ya nyumba palijulikana bila karatasi: ni pale mgeni anapobisha. Vijana wa sasa hawabishi, wanapiga simu, "niko getini." Namshukuru Mungu onyo la tatu lililetwa na mtu wa rika letu.