Neno la Baba na Kitabu cha Uimamu

Nilifunga safari kwenda kwetu Karatu kusaini karatasi, na sikujua kama nitaisaini. Arobaini ya baba ilikuwa imepita. Baba Mdogo alinipigia simu: "Paulina, kikao cha ukoo ni Jumamosi. Tunachagua msimamizi wa mirathi, muhtasari uende Mahakama ya Mwanzo." Niliposilimu na kuolewa Arusha nilichukua jina la Zaituni. Baba Mdogo hajawahi kulitumia, nami nimeacha kumsumbua.

Kilichonitatiza ni hiki. Wiki moja kabla ya kufa, tukiwa wawili tu chumbani, baba aliniambia: "Nyumba na shamba ashike Boay. Petro atawakodishia watu wa hoteli." Petro ni kaka yetu mkubwa, Boay ni kitindamimba. Sikumwambia mtu. Niliogopa, basi.

Ijumaa asubuhi, Arusha. Mkobani nilitia kazi yangu. Ninasahihisha tafsiri ya kitabu cha mwanazuoni wa Kishia wa karne za kale, kinachotetea Uimamu. Hoja yake kubwa ni kwamba anayeshika uongozi baada ya Mtume huteuliwa kwa tamko la wazi. Watu hawakai kikaoni wakamchagua. Basi lilipofika Makuyuni nilikuwa nimekubali kila mstari, mori umenipanda: nitasimama, nitasema! Tulipokuwa tunapanda mlima baada ya Mto wa Mbu nikafika pale anaposema kwamba habari ya msikiaji mmoja haithibitishi jambo zito kama hilo. Mimi nilikuwa mmoja. Nikafunga kitabu.

Saa saba mchana, Karatu. Boay ni fundi magari. Gerejini waliniambia ameitwa geti la Ngorongoro, gari la watalii limeharibika. Nikachukua bodaboda. Nilimkuta chini ya gari, miguu tu iko nje.

"Dada, baibui huku kwenye nyati? Watakukimbia!" alisema akitoka, akicheka.

Nilimvuta kando nikamwambia neno la baba. Aliendelea kufuta mikono kwa kitambaa.

"Najua. Hata mimi aliniambia."

"Basi tuko wawili! Kwa nini umenyamaza?"

"Kaka Petro akisikia atahama kabisa, na mama itabidi achague mtoto. Siwezi kumfanyia mama hivyo. Wewe saini tu, dada."

Nilichanganyikiwa kuliko nilivyokuja. Kitabuni wapinzani huuliza hivyohivyo: kama kweli Imamu wa kwanza aliteuliwa na Mtume, mbona alinyamaza miaka yote ile wengine wakitawala? Mwanazuoni anajibu kwamba alichelea umma usije ukasambaratika. Nilikuwa nimeliona jibu hilo dhaifu, la mtu aliyebanwa. Sasa lilikuwa limesimama mbele yangu, lina grisi mpaka viwikoni. Nilimkasirikia Boay na nilimpenda, yote kwa pamoja.

Jumamosi saa nne, nyumbani. Baba Mdogo alikuwa amemwita Juma wa buchani aje kuchinja mbuzi, "ili huyu shehe wetu wa kike naye ale." Tulikuwa watu kumi na mmoja. Petro alichaguliwa kabla chai haijapoa. Mwandishi wa kikao alipokuwa akiandaa mahali pa saini, Petro mwenyewe akanigeukia.

"Paulina, wewe ndiye uliyemuuguza siku za mwisho. Baba hakuacha neno?"

Mama aliacha kumimina chai. Boay aliinama. Nilifungua mdomo bila kujua litatoka lipi.

"Alisema tusigombane."

Mama akaangua kilio. Petro naye machozi yakamtoka, akanishika mkono. Baba Mdogo akamwambia mwandishi, "Andika hilo, liwe la kwanza: marehemu ameusia watoto wake wasigombane." Wakasaini mmoja mmoja. Boay alisaini. Nami nikasaini.

Jumapili jioni, Arusha. Mume wangu aliniuliza kikao kilikwendaje, nikasema vizuri, hakuna aliyepaza sauti. Nilikwenda nikitaka kujua nani ana haki, anayesema au anayenyamaza, na bado sijui. Nilichojifunza ni kidogo, na kinaninyima usingizi. Neno alilosema baba tunalijua watu wawili. Neno ambalo hakulisema lina mashahidi kumi na mmoja, limetiwa saini, na litasomwa mahakamani Jumatatu.