Sakafu Nyekundu ya Shule Kuukuu

Nilifundisha katika shule hiyo ya mawe, upande wa Isinya, hadi watoto wakahamishiwa majengo mapya. Wenye tamaa ya ploti walipotaka ibomolewe, nilisimama kwenye baraza la chifu nikapaza sauti: jengo hili ni letu sote, liwe ukumbi wetu wa raha na wa shida. Wa kwanza kuniunga mkono alikuwa jirani yangu, mama Mmaasai ambaye hakuwahi kusoma humo. Baba yake ndiye aliyetoa mafahali wauzwe yanunuliwe mabati, na yeye, akiwa msichana, alibeba maji ya kuchanganyia simiti. Tulishinda, nikakabidhiwa ufunguo. Nikaota pembe.

Mwaka huu ukame ulimwachia jirani yangu mtamba mmoja tu, mbavu nje. Kisha mvua ikaja. Wafugaji wa huku huiogopa mvua ya kwanza kuliko hilo jua lenyewe, kwa sababu ng'ombe aliyekonda akinyeshewa usiku kucha, baridi humaliza kazi.

Ilianza kunyesha jioni, na kesho yake ilikuwa harusi ya binti yangu. Nilikuwa nimetoka kupaka sakafu ya ukumbi nta nyekundu, nimepiga magoti mchana kutwa, nikijisifu kimoyomoyo. Nikasikia hodi. Jirani yangu alikuwa amesimama mvuani akimvuta mtamba kwa kamba.

"Mwalimu, nimebaki na huyu tu," alisema. "Kwangu mlango ni mdogo, hawezi ingia. Wacha alale hapa. Asubuhi mapema nitaosha."

"Yeyo, si unajua kesho kuko na harusi," nikamjibu. Yeyo ni mama kwa Kimaasai. Nilimwita hivyo kwa heshima, huku nimeushikilia mlango usifunguke zaidi. "Hii sakafu nimemaliza sasa hivi. Na wageni wanatoka mbali."

Alimgeuza mnyama wake, wakaondoka polepole.

Asubuhi wanawake waliokuja kupika ndio walioniambia kwamba mtamba alikufa kabla ya kupambazuka. Nilikuwa nikimenya viazi. Niliendelea kumenya. Mungu anisamehe, nilichoomba wakati ule ni kwamba jirani yangu asije harusini.

Alikuja. Wageni wangu kutoka mbali walikuwa wameshaingia na viatu vyao, wakwe kwa mabuti, na sakafu yote ilikuwa tope. Yeye alikuwa amevaa shuka lake jipya, mkononi ana mkufu mpana wa shanga aliomtengenezea bibi harusi. Alifika mlangoni, akainama, akavua malapa yake ya tairi, akayapanga nje kando ya ukuta.

"Yeyo, ingia tu na viatu," nikasema.

"Hapana, mwalimu. Nisikuchafulie."

Akaingia pekupeku, akakanyaga tope la wageni wangu hadi mbele, akamvisha binti yangu shanga.