Kiti cha Oddlaug

Oddlaug Mikkelsen aliendesha basi la Skarvnes, kaskazini kabisa mwa Norwei, ambako upepo ukichachamaa barabara ya mlimani hufungwa kwa geti, na magari huvuka kwa msafara nyuma ya katapila la theluji. Mwaka ambao wodi ya uzazi ya Skarvnes ilifungwa kwa muda, binti yake Ragnfrid alijifungulia kwenye msafara huo, katika kiti cha nyuma cha basi la mama yake. Mtoto alipona. Oddlaug alikifua kiti kile kwa mikono yake mwenyewe, na hakusahau.

Sasa serikali ilitaka kuifunga wodi moja kwa moja, na Ragnfrid alikuwa mjamzito tena.

"Mwandikie Mfalme," alisema Bibi Borghild, abiria wake wa kila siku.

"Bibi, Mfalme husoma hotuba aliyoandikiwa. Ukiwa na kinyongo, mtafute anayeiandika."

"Si ni chama chako kinachoiandika?"

Oddlaug alibadilisha gia. Ilikuwa kweli. Chama chake ndicho kilichotawala, na yeye alikuwa mbunge wao wa akiba, wa kukalia kiti mbunge mwenyewe akiugua. Majira yale ya baridi mbunge huyo aliteleza kwenye barafu akavunjika nyonga. Oddlaug akaitwa bungeni, Oslo.

Alifika wiki ya kura. Wapinzani walikuwa wameleta hoja kwamba wodi isifungwe. Waziri Mkuu alisimama, akasema bila kupandisha sauti kuwa hoja ikipita, kesho atapanda kwenye kasri kumkabidhi Mfalme barua ya kujiuzulu. Katika nchi ile serikali haihitaji kupendwa na Bunge, yatosha isikataliwe. Na siku hiyo kukataliwa kulikuwa mbali kwa kura moja tu.

Mnadhimu wa chama, mwenye kuhakikisha wabunge wao wanapiga kura kichama, bwana mmoja aitwaye Gjerdrum, alimkuta kantini akila mkate na jibini ya kahawia.

"Dada Oddlaug, najua lililo moyoni mwako. Ndege ya kaskazini inaondoka saa kumi. Panda. Wapinzani nao watamtoa mtu wao mmoja, hesabu ibaki ileile. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Hakuna atakayekulaumu."

"Na wodi?"

"Tutaitazama mwakani."

"Mwakani mjukuu wangu atakuwa anatembea. Swali ni atazaliwa wapi."

"Hivi unataka kumpeleka Waziri Mkuu kwa Mfalme kwa ajili ya vitanda vinne?"

"Akifika, anipelekee salamu." Akapangusa midomo. "Mimi nimeletwa hapa kukalia kiti, bwana. Sikuletwa kukikimbia."

Kengele ya kura ikalia.

Gjerdrum angependa kuketi karibu naye, lakini Bunge lile haliketi kichama. Huketi kimkoa. Yeye, mtu wa magharibi, alirudi kwa watu wa magharibi, na akabaki kumkodolea macho kutoka ng'ambo ya ukumbi. Oddlaug alibanwa na watu wa kwao, wa vyama vyote. Kulia kwake alikuwepo Steinar, mpinzani, ambaye boti yake hutia nanga chini ya dirisha la jiko la Oddlaug.

"Umepauka kama chewa," Steinar alinong'ona, akimsogezea peremende za kafuri.

"Usidhani nakupigia kura wewe."

"Nani angekuomba? Basi lako lenyewe huchelewa."

Kicheko kilimpanda, na pamoja nacho machozi. Chama kile alikiingia akiwa msichana. Baba yake alizikwa na bendera ya chama. Alimtazama Gjerdrum. Gjerdrum alitikisa kichwa polepole, kama mtu amkanyaye mtoto aliyenyoosha mkono kwenye moto. Oddlaug akabonyeza kitufe cha kuiunga mkono hoja.

Hoja ilipita.

Ijumaa alikuwa amerudi kwao kwa mwisho wa wiki, yuko nyuma ya usukani, mbele ya geti lililofungwa, theluji ikipita ubavuni mwa dirisha. Redio ilisema Mfalme amepokea barua, na amewaomba mawaziri wabaki kazini mpaka serikali nyingine ipatikane. Simu ya Oddlaug ilikuwa imetetemeka tangu asubuhi. Ujumbe mmoja ulisema asitarajie tena kuteuliwa na chama kugombea.

"Umeiangusha serikali, Oddlaug," alisema mwanamume mmoja kutoka viti vya nyuma. "Chama chako mwenyewe. Huoni haya?"

Oddlaug alipunguza sauti ya redio.

"Serikali ikianguka, Mfalme huita nyingine," alisema, akimtazama kwenye kioo. "Wodi ikianguka, nani ataiita?"

"Watakufukuza chamani."

"Waje wanifukuze. Lakini wapitie barabara hii."

Bibi Borghild alicheka mpaka akakohoa. Mbele, taa za katapila zilijitokeza kwenye weupe, geti likainuka. Oddlaug aliizima simu, akatia gia ya kwanza, akaingia mlimani.