Anayemkumbusha Mukhwana

Mukhwana alihama kijiji cha Raila kule Kibera, akapanga chumba mtaa wa Kongo, Kawangware, ili sauti ya mke wake isimpate. Trizah alikufa msimu wa mvua, kwa moshi wa jiko la makaa aliloingiza ndani apate joto. Tangu wamzike, kila Mukhwana alipoinua jiko mlangoni alimsikia: "Baba Sella, dirisha." Kongo nako sauti ikamfuata.

Alikuwa soja, mlinzi wa lango wa kampuni moja. Kampuni ilipotaka ripoti za Kiingereza, alijiunga na darasa la Jumamosi la Lavender, mwalimu kijana aliyefundisha kanisani Olympic, kulekule Kibera.

Siku hiyo Lavender aliandika ubaoni remember na remind, kukumbuka na kukumbusha.

"Ya kwanza unafanya mwenyewe kwa kichwa. Ya pili lazima kuwe na mwingine wa kukushtua."

Mukhwana akasimama, akasema mkewe humkumbusha kufungua dirisha: "My wife reminds me to open the window."

Darasa likageuka kumtazama. Wengi walikuwa wamemzika Trizah pamoja naye.

"Pole, mzee," Lavender akasema taratibu. "Hapo sema I remember my wife, unamkumbuka. Yeye hayuko, hawezi kukukumbusha."

"Mimi husahau, mwalimu. Ni yeye hukumbuka."

"Hiyo sauti ni yako."

Mukhwana aliamini, au alitaka kuamini. Juma zima alirudia ile sentensi mpya akiwa langoni, na sauti ikakoma. Akalala vizuri.

Julai, asubuhi ya baridi, alitoka kazini amechoka, akaingiza jiko, akafunga mlango, akajitupa kitandani. Alipozinduka kichwa kilikuwa kizito na miguu haina nguvu. Waithira, mwenye ploti aliyempangisha chumba, alikuwa amesukuma mlango na anamvuta nje.

"Nani amekuita?" Mukhwana akauliza alipopata pumzi.

"Kuna mama amenigongea. Amesema nikukumbushe dirisha. Nilipotoka kumtazama, hayuko. Ni wa kwenu?"

Mukhwana alikaa chini ukutani mpaka jua likapanda.

Jumamosi alimsimulia Lavender. Mwalimu alimsikiliza chaki ikiwa mkononi, na siku hiyo hakufundisha tena vitenzi. Aliwaachilia mapema, akarudi nyumbani akiangalia nyuma.

Mukhwana alifaulu mtihani wa kampuni. Bado yuko Kongo. Waithira alipomwuliza kama atahama, alisema hakuna haja. Aliyeijua njia ya kuja hapa ataijua na nyingine.